Umm Kulthum: Binti wa Imamu Aliyeinyanyua Misri kwa Kasida

Ni nyumba chache katika pwani yetu, tokea Lamu mpaka Vanga, ambamo jina la Umm Kulthum halijapata kutajwa. Wazee wetu walimjua kwa sahani za santuri, baba zetu wakamjua kwa redio, na sisi tuliozaliwa alipokuwa yu karibu kuiaga dunia tulimpata katika kanda zilizopokezanwa mkono kwa mkono mpaka utepe wenyewe ukachakaa. Hata asiyejua Kiarabu, akisikia fidla zile zinaanza, kanuni ikazijibu, na watu ukumbini wakapiga mayowe ya furaha, hujua ni nani ajaye.

Hata hivyo naona wengi wetu twamjua nusu. Twamjua mwimbaji wa mapenzi, bibi wa usiku mrefu na machozi ya wapendanao. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza leo: jinsi mwanamke huyu, aliyekuwa akisimama jukwaani na kitambaa mkononi akauimba wimbo mmoja saa nzima, alivyoamsha mapenzi ya nchi katika nyoyo za watu waliovunjika kwa kushindwa vita. Na la ajabu ni kwamba hakuyaamsha kwa nyimbo za gwaride. Aliyaamsha kwa muziki wa kale wa Kiarabu, kwa kasida na nyimbo ambazo nyingi hazikutungwa kwa ajili ya vita wala serikali.

BINTI WA IMAMU

Alizaliwa karibu na mwanzo wa karne ya 20 katika kijiji cha Tammay al-Zahayra, mkoa wa Dakahlia, kule bondeni ambako Mto Naili hugawanyika kabla ya kuingia baharini. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji. Uimamu wa kijijini haukuwa na pato la kutosha kulisha watoto, kwa hiyo mzee yule aliongezea riziki yake kwa kwenda kusoma kasida za kumsifu Mtume katika harusi na karamu za jirani. Alikuwa akimfunza kazi hiyo mwanawe wa kiume, Khalid. Binti naye akisikiliza pembeni, na kabla hajafunzwa na mtu alikuwa amekwisha kuyahifadhi yote aliyokuwa akifunzwa kaka yake.

Alitiwa chuoni kama watoto wengine, akajifunza Kurani na namna ya kuisoma. Jambo hili nataka msomaji alishike vizuri, kwani ndilo msingi wa yote yaliyofuata. Sisi tuliokaa juu ya jamvi na kuonja bakora kwa kushindwa kupambanua baina ya ha na kha twajua mafunzo yale yalivyo. Ulimi hunyooshwa, pumzi hupimwa, na kila harufi hupewa haki yake pale inapotoka, kooni au midomoni. Mtoto aliyepita njia hiyo hawezi tena kulitamka neno ovyo ovyo. Wajuzi wa muziki wa Kiarabu wamekubaliana kwamba sifa kubwa ya Umm Kulthum, hata kuliko nguvu ya sauti yake, ilikuwa ni matamshi yake. Ilitosha kumsikiliza mara moja kuyafahamu maneno yote, hata yakiwa ya shairi gumu la Kiarabu fasihi.

Alipoanza kufuatana na baba yake katika karamu, ilionekana ni aibu kwa binti wa imamu kuimba mbele ya wanaume. Mzee akapata hila: alimvika joho la kiume na kilemba cha Kibedui, akawa kama kijana wa kiume. Hivyo ndivyo alivyozunguka vijiji vya Dakahlia, kwa miguu, juu ya punda, na katika behewa la daraja la chini la gari la moshi, akisoma kasida usiku na kurudi nyumbani alfajiri. Wanavijiji wale ndio waliokuwa wasikilizaji wake wa kwanza, na hakuwasahau maisha yake yote.

CAIRO

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 familia ilihamia Cairo. Misri ya siku zile ilikuwa imefura. Waingereza walikuwa wameikalia tokea mwaka 1882, na mwaka 1919 nchi nzima ilikuwa imesimama kuwapinga. Uhuru uliotolewa mwaka 1922 ulikuwa wa jina zaidi kuliko wa kweli. Mjini kulikuwa na kumbi za starehe zenye kila aina ya muziki, ule wa kupendeza na ule wa kuona haya. Msichana wa shamba, na kilemba chake na kasida zake za kumsifu Mtume, alichekwa na baadhi ya watu wa mji.

Lakini aliangukia mikono mizuri. Sheikh Abu al-Ila Muhammad, aliyekuwa bingwa wa kasida za Kiarabu, alimfunza kuwa mwimbaji hana budi kuyafahamu maneno kabla ya kuyafungulia kinywa. Mshairi Ahmad Rami, aliyekuwa amesoma Kiajemi huko Paris na kuzifasiri rubaiyat za Omar Khayyam, alimpa vitabu vya mashairi na kumfunza kuvisoma, kisha akamtungia nyimbo zaidi ya 100. Muhammad al-Qasabji, mpiga udi hodari, alimtungia sauti mpya. Mwaka 1926 aliacha kuimba na jamaa zake peke yao, akaweka wapiga ala mahiri nyuma yake: udi, kanuni, fidla, nai na rika. Kilemba akakivua, akavaa nguo ndefu za heshima kama mwanamke wa mjini. Alichokihifadhi ni ile heshima ya binti wa imamu, na ulimi wa chuoni.

Redio ya Misri ilifunguliwa mwaka 1934, na haukupita muda mrefu ikaanza kuzirusha hewani tafrija zake za Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Desturi hiyo iliendelea, msimu baada ya msimu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Twasimuliwa kuwa usiku huo mitaa ya Cairo ilikuwa mitupu na mikahawa imejaa. Na si Cairo peke yake. Kutoka Moroko mpaka Iraki watu walikaa kando ya redio zao mpaka saa nane au saa tisa za usiku wa kuamkia Ijumaa.

Huenda msomaji kijana akauliza walikuwa wakisikiliza nini muda wote huo. Jibu ni kwamba muziki huu haukimbilii mwisho. Wapiga ala huanza kwa utangulizi mrefu, kisha mwimbaji huingia, hushika ubeti mmoja na kuurudia mara nyingi, na kila akiurudia huupa sura nyingine. Mara huupandisha, mara huunong'ona, mara huutoa katika mahadhi haya na kuutia katika mahadhi yale. Wasikilizaji nao hawanyamazi. Humwitikia, humwomba arudie, humtajia Mwenyezi Mungu kwa mshangao. Hali hiyo ya moyo kutekwa ndiyo Waarabu waiitayo tarab, na neno letu la taarab latoka papo hapo. Katika muziki wa namna hii wimbo haufanywi na mwimbaji peke yake. Hufanywa na ukumbi mzima, na usiku ule wa Alhamisi ukumbi ulikuwa ni taifa.

KASIDA NA MAPENZI YA NCHI

Katika miaka ya 1940 alifanya jambo ambalo wengi walidhani ni la hasara. Alizichukua kasida za Ahmad Shawqi, aliyeitwa mfalme wa washairi na ambaye alikuwa amefariki mwaka 1932, akampa Riyad al-Sunbati azitungie sauti. Zilikuwa kasida ndefu za Kiarabu fasihi, na baadhi yao zilikuwa za kumsifu Mtume: moja ikifuata nyayo za Burda ya al-Busiri, moja ikiwa na kina cha hamza kwa ajili ya maulidi. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa uzito wa mambo haya, maana Hamziya ya al-Busiri ilikwisha kutiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate zamani za mababu zetu. Watu wa redio na wauza santuri waliogopa kuwa mtu wa kawaida hatazifahamu. Wachukuzi na wauza mboga wa Cairo wakazihifadhi kwa moyo.

Mojawapo ni Salu Qalbi, aliyoiimba mwaka 1946. Mwaka huo wanafunzi na wafanya kazi wa Misri walikuwa barabarani wakidai Waingereza waondoke. Kasida hii yaanza kwa mapenzi, yaendelea kwa mawaidha, na humalizikia kwa kumsifu Mtume. Lakini ndani yake mna ubeti unaosema kuwa haja hazipatikani kwa kutamani, ila kwa kushindana. Shawqi alikuwa kaburini miaka mingi na wala hakuwa akiwafikiria wanafunzi wale. Hata hivyo ulipofika ubeti ule ukumbi uliripuka, na kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Hapakuwa na neno lolote ambalo afisa wa serikali angeweza kulikamata.

Mwaka 1951 alirudi tena kwa mshairi marehemu, safari hii Hafiz Ibrahim, akaimba kasida ambayo ndani yake Misri yenyewe huzungumza kama mtu na kuisimulia historia yake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, maofisa wa jeshi waliupindua ufalme.

Hapa pana jambo ambalo mwandishi wa haki hapaswi kuliruka. Umm Kulthum alikuwa amemwimbia Mfalme Farouk, na mwaka 1944 mfalme alimpa nishani kubwa iliyokuwa ikivaliwa na wanawake wa ukoo wa kifalme. Yasimuliwa kuwa baada ya mapinduzi kuna waliotaka nyimbo zake ziondolewe redioni kwa sababu hiyo, na kwamba Gamal Abdel Nasser ndiye aliyekataa. Baadaye alimwimbia Nasser kama alivyomwimbia mfalme, na zaidi. Kwa hiyo wako waliosema kuwa alikuwa akigeuka na upepo. Mimi sioni kuwa shutuma hiyo ni ya kutupwa moja kwa moja. Nyimbo za kumsifu mtawala alikuwa nazo, nazo zimo katika hesabu yake. Lakini nitaeleza mbele kwa nini hizo si zinazomfanya akumbukwe.

Mwaka 1956 Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez, na Uingereza, Ufaransa na Israel zikaishambulia Misri. Katika siku zile za vita Umm Kulthum alitoa Wallahi Zaman Ya Silahi, maneno ya Salah Jahin na sauti ya Kamal al-Tawil. Huu ulikuwa wimbo wa gwaride hasa, na watu waliupenda hata mwaka 1960 ukafanywa wimbo wa taifa. Ulidumu mpaka mwaka 1979, ambapo Misri iliuacha na kuchukua wimbo wa Sayyid Darwish, mtunzi aliyefariki mwaka 1923.

MWAKA WA MSIBA

Tarehe 5 Juni 1967 ndege za Israel ziliiteketeza sehemu kubwa ya ndege za Misri zikiwa bado chini. Ndani ya siku sita Misri ilikuwa imepoteza Sinai yote, Syria imepoteza Golan, na Jordan imepoteza Ukingo wa Magharibi pamoja na Mji Mkongwe wa Jerusalem wenye Msikiti wa Al-Aqsa. Redio zilikuwa zikitangaza ushindi wakati askari walikuwa wakirudi jangwani bila viatu. Watu walipoujua ukweli, walipatwa na fadhaa isiyoelezeka. Waliona haya kutazamana.

Umm Kulthum alijifungia nyumbani kwake siku kadhaa. Alikuwa mwanamke wa umri wa kupumzika, afya yake si nzuri, mali anayo, sifa anayo. Lau angestaafu siku ile hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alitoka akasema na watu wa serikali, kisha akaanza safari ambayo haikuwahi kufanywa na mwimbaji yeyote wa Kiarabu kabla yake: kuimba mji kwa mji na nchi kwa nchi, na mapato yote yaende katika hazina ya taifa kwa ajili ya kulijenga upya jeshi.

Alianzia nyumbani, na hakuanzia katika kumbi za fahari za Cairo. Mwezi wa Agosti 1967 aliimba Damanhur, mji wa mkulima wa pamba, kisha akaenda Alexandria na miji mingine ya mikoani. Wanawake walivua bangili na pete zao wakazitoa. Mtu aliyetoa dhahabu ya harusi yake kwa ajili ya nchi hawezi tena kusema kuwa vita ni vya wakubwa peke yao. Nami naamini kuwa manufaa hayo yalizidi yale ya fedha zenyewe.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alikwenda Paris, akaimba usiku mbili katika ukumbi wa Olympia. Mapatano yalikuwa yamefanywa kabla ya vita, naye hakuyavunja. Ulikuwa ni mji mkuu wa nchi mojawapo ya zile zilizoishambulia Misri mwaka 1956. Ukumbi ulijaa watu wa Algeria, Tunisia na Moroko waliokuwa wakifanya kazi za sulubu Ufaransa, wakuu wa nchi za Kiarabu, Wafaransa wenyewe, na hata Mayahudi waliotoka nchi za Kiarabu ambao walikuwa hawajaweza kuisahau sauti hiyo. Mtu mmoja alipanda jukwaani kwa wazimu wa furaha akataka kumbusu miguu, bibi akaanguka. Aliinuka akaendelea.

Katika safari hizo aliuimba sana wimbo wa Al-Atlal, yaani Magofu. Ni shairi la Ibrahim Naji, daktari na mshairi aliyefariki mwaka 1953, na sauti yake ni ya al-Sunbati. Umm Kulthum aliuimba kwa mara ya kwanza mwaka 1966, kabla ya vita. Ni shairi la mtu anayelilia penzi lililokwisha. Mna mahali ambapo mpenzi humwomba mwenziwe amrudishie uhuru wake na kuifungua mikono yake iliyojeruhiwa na pingu. Mwaka 1966 watu walilia kwa ajili ya mapenzi. Baada ya Juni 1967 mwimbaji alipofika mahali pale hapakuwa tena na mtu aliyefikiria mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Pingu zilikuwa Sinai, zilikuwa Jerusalem, na kwa wengine zilikuwa ni zile walizofungwa na serikali zao wenyewe. Maneno yalikuwa yale yale. Wasikilizaji ndio waliokuwa wamegeuka.

Mwaka 1968 na miaka iliyofuata alikwenda Moroko, Kuwait, Tunisia, Sudani na Libya. Serikali ya Misri ilimpa pasi ya kibalozi, na alikopita alipokewa kama mkuu wa dola. Naye alijua adabu ya mgeni. Baada ya kuimba Sudani alitafuta shairi la Msudani, akalichagua la al-Hadi Adam, na Muhammad Abd al-Wahhab akalitungia sauti. Vilevile aliimba kasida iliyofasiriwa kutoka kwa Muhammad Iqbal, mshairi mkubwa wa Waislamu wa Bara Hindi, ambamo Mwislamu hupeleka malalamiko yake mbinguni. Inakisiwa kuwa fedha zote alizozikusanya zilipita dola milioni 2 za Marekani. Mwezi wa Septemba 1970 alikuwa Moscow, tayari kuimba, habari zikaja kwamba Nasser amefariki. Alirudi nyumbani bila kuimba.

KULEWA AU KUAMKA?

Si watu wote waliompigia makofi. Baada ya kushindwa kwa mwaka 1967 kulikuwa na waandishi wa Kiarabu waliosema kuwa nyimbo zake ndefu zilikuwa kileo, kwamba taifa lililokesha likisema ah! kila Alhamisi lisingeweza kuamka mapema kupigana. Na kutoka upande mwingine, wako mashekhe waliomkemea mimbarini kwa kuwa mwanamke akiimba mbele ya wanaume. Hitilafu za wanazuoni juu ya muziki ni za kale na wasomaji wa ukurasa huu wazijua; mimi si mufti wa kuzikata.

Lakini kuhusu shutuma ile ya kwanza nina maoni yangu. Aliyelewa hatoi bangili yake. Vita vya 1967 havikupotezwa na mkulima wa Damanhur aliyesikiliza redio usiku. Vilipotezwa na ndege zilizopangwa uwanjani bila kulindwa na wakuu waliowadanganya watu wao. Jeshi hilo hilo, watu wale wale waliokulia katika sauti hiyo hiyo, tarehe 6 Oktoba 1973, siku ya 10 ya Ramadhani, waliuvuka Mfereji wa Suez mchana kweupe na kuivunja ngome iliyosemwa haivunjiki. Siku ile Umm Kulthum hakuwa tena jukwaani. Maradhi yalikwisha kumnyamazisha, naye aliisikia habari akiwa nyumbani kama bibi mwingine yeyote wa Misri.

Sasa narudi kwa lile la nyimbo za watawala. Tazama kilichobaki. Nyimbo alizomwimbia mfalme hazisikiki. Alizomwimbia Nasser husikika katika kumbukumbu za siku maalumu. Wimbo wa gwaride, hodari kama ulivyokuwa, uliondoshwa katika utaifa wake. Lakini Al-Atlal, Salu Qalbi na kasida za maulidi zingali zachezwa katika mikahawa, magari na nyumba za Kiarabu, na kila kizazi huzikuta zina maana mpya. Kwa hakika aliyeamrishwa kuipenda nchi yake huipenda mpaka amri inapokwisha. Yule aliyeisikia nchi yake ndani ya lugha ya mama yake, katika mahadhi ya babu yake, katika kasida aliyoisikia maulidini alipokuwa mtoto, huyo hana haja ya amri. Mmisri wa mwaka 1967 alikuwa ameambiwa na dunia nzima kwamba si kitu. Usiku wa Alhamisi alisikia Kiarabu kikitamkwa kama kipasavyo, akakumbuka kuwa yeye ni mtu wa watu wenye makuu.

MAZIKO, NA SISI WA PWANI

Alifariki Cairo tarehe 3 Februari 1975. Aliacha mume, Daktari Hasan al-Hifnawi, waliyeoana mwaka 1954, watoto hawakujaliwa. Maziko yalipangwa yaanzie Msikiti wa Omar Makram kwa utaratibu wa kiserikali. Utaratibu haukudumu. Watu, ambao walihesabiwa kwa mamilioni, walilinyakua jeneza kutoka mabegani mwa waliochaguliwa, wakalichukua wao wenyewe saa kadhaa mitaani mpaka Msikiti wa Sayyidna Husein, wakamsalia huko. Ilikuwa kana kwamba wanasema kuwa huyu hakuwa wa serikali, alikuwa wao. Leo katika kisiwa cha Roda mjini Cairo iko makumbusho yake, iliyofunguliwa mwaka 2001.

Na sisi tuna fungu katika habari hii. Yasimuliwa kuwa Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tokea 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika jumba lake na kumpeleka kijana wake Cairo kujifunza kanuni. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 juu ya msingi huo. Baadaye sahani za santuri na filamu za Kimisri zilipofika bandarini kwetu, vikundi vya taarab vilijaza fidla kama za Umm Kulthum, na waimbaji wetu wa kike walijifunza kwake kuwa mwimbaji aweza kusimama kwa haiba, bila kujitikisa, na ukumbi ukanyamaza. Tokea mwaka 1954 redio ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili pia, ikiwatia moyo watu wa Kenya katika mapambano yao na Mwingereza. Mawimbi ya mji ule ule yaliyotuletea nyimbo ndiyo yaliyotuletea habari za uhuru.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike si kiburi cha kujinasibisha na Cairo. Umm Kulthum hakuitafuta Misri mbali. Hakuiga ya Paris ili Paris impokee. Alikwenda Paris na kasida, na Paris ikakaa kumsikiliza mpaka usiku wa manane. Sisi nasi tuna tumbuizo na tenzi, tuna mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na ya malenga wa Lamu, tuna udi na tuna taarab ya mama zetu. Twavisikia vikipigwa kwa wageni mahotelini na kwa wakubwa siku za sherehe, kisha vikarudishwa kabatini. Watoto wetu huambiwa waipende nchi kwa kuimba wimbo wa taifa wakisimama jua kali, nalo ni jambo jema. Lakini ni wangapi kati yao wanaoweza kulisikia shairi la Kimvita likiimbwa, wakatambua pale moyo ulipowaruka kwamba hapa ndipo kwao?

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yule, na awape walimu wa vyuo, wale wa zamani na wa leo, malipo ya kila harufi waliyoinyoosha. Hawajui wanatia nini katika ndimi za watoto.